Ukiona maji yanazunguka, tafuta kwanza kinachoyazungusha

Kila nikienda mtoni na watu wapya kuna swali halikosi, na huwa linaulizwa kwa sauti ya chini kidogo: pale maji yanapozunguka pana hatari? Jibu langu siku zote ni inategemea, najua halimridhishi mtu lakini ndo ukweli wenyewe, maana maji yanayozunguka yanaweza kuwa sehemu salama kuliko zote kwenye mto mzima na yanaweza pia kuwa sehemu ya kukumaliza, na kwa macho ya mtu ambaye hajazoea zote mbili zinafanana tu, povu linajikunja, jani linakwenda linarudi, basi.

Mi napiga kafi kwenye kayaki, yaani kile kimtumbwi chembamba cha kukaa, miaka mingi sasa na nikiwa sipigi kafi naogelea, na kama kuna kitu kimoja ningependa kila anayependa maji akijue ni hiki: maji hayazunguki bure. Kuna kitu kimeyazungusha. Inaweza kuwa jiwe, kona, nguzo ya daraja, ukingo uliotokeza, mikondo miwili iliyokutana, au bahari inayojaa kupitia mlango mwembamba. Ukishakijua hicho kitu utajua mzunguko wako unaelekea wapi, una nguvu kiasi gani, na utatokea upande gani. Usipokijua unabaki kubahatisha, na maji sio mahali pa kubahatisha.

Tuanze na jiwe maana ndo linafundisha vizuri. Chukua jiwe kubwa katikati ya mto, kichwa kiko juu ya maji. Mkondo ukifika pale unagawanyika, nusu kulia nusu kushoto, unapita kwa kasi, na kule nyuma ya jiwe panabaki pengo, yaani usawa wa maji pale unakuwa chini kidogo kuliko pembeni. Maji hayakubali pengo, kwa hiyo yale yaliyokwisha kupita yanageuka na kurudi juu kulijaza. Ndo hapo unapata maji yanayopanda mto wakati mto mzima unashuka. Kaa ukingoni uangalie kipande cha kijiti kikiingia mle: kinashuka na mkondo mpaka kinalipita jiwe, kinasita, kinageuka, kinapanda taratibu mpaka kinakaribia kuligusa jiwe kwa nyuma, halafu kinasukumwa pembeni na kushuka tena, vijiti vingine vinakaa humo muda mrefu sana havitoki. Mi napenda kuangalia kitu hiki kuliko hata kuingia majini, na namshauri kila anayeanza akae dakika za kutosha akiangalia tu, bila simu, bila stori, atupe vijiti sehemu tofauti aone vinaenda wapi.

Sisi kwenye kundi letu hapo tunapaita kisogoni, yaani kisogo cha jiwe. Mwingine atapaita mzunguko, mwingine atasema maji ya kurudi, sawa tu, ila nyie mnaoingia pamoja kubalianeni mapema mnaita nini, na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona kundi moja mtu anapiga kelele "kuna mzunguko!" akimaanisha njooni mpumzike huku nyuma ya jiwe, na mwenzake aliyekuwa juu akaelewa kuna maji ya kunyonya, akakimbilia upande wa pili ambako ndo kulikuwa na mti umelala majini. Alitoka salama lakini alitoka amekwaruzika mikono yote. Neno moja lisibebe vitu viwili. Sisi tuna maneno manne tu na tunayarudia kila mara kabla ya kuingia: kisogo ni maji yaliyotulia nyuma ya kitu, mstari ni mpaka kati ya kisogo na mkondo, mnyonyo ni pale maji yanapojisokota kwenda chini, na mfoko ni pale yanapopanda kutoka chini na kuvimba juu kama yanachemka. Na neno kimbunga tumelifuta kabisa, kimbunga kiachieni hali ya hewa, mtoni kinaleta taharuki tu halafu hakimwambii mtu afanye nini.

Sasa kisogo ni rafiki. Ndani yake unapumzika, unasubiri wenzako, unaangalia njia ya mbele, unamwaga maji kwenye chombo. Watu wazuri wa mtoni wanashuka kwa kurukaruka kutoka kisogo kimoja mpaka kingine, hawashuki mto mzima kwa pumzi moja. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ogopa kila maji yanayozunguka, anakunyima sehemu zako za kupumzikia.

Hatari ipo kwenye mstari. Ule mstari ni mahali ambapo maji yanayoshuka yanasuguana na maji yanayopanda, bega kwa bega, kila moja kivyake. Ukitaka kuuhisi, simama kwenye kisogo kidogo cha maji ya magotini kwenye mto mpole, nyoosha mkono mpaka vidole viguse mkondo wa nje, utaona vidole vinavutwa kushuka wakati kiganja na mkono vinasukumwa kupanda. Sasa fikiria ndo kayaki yako, pua iko kwenye mkondo na mkia uko kisogoni. Inageuka hapo hapo, na kama umekaa wima au umelalia upande mbaya inakubinua kabla hujajua kimetokea nini. Wengi wanaopinduka kwa mara ya kwanza hawapinduki kwenye mawimbi makubwa yale wanayoyaogopa, wanapinduka kwenye mstari mdogo tu ambao hata hawakuuangalia.

Dawa yake ipo na inafundishika. Vuka mstari ukiwa na mwendo, usiusogelee kwa kusitasita, na uvuke kwa pembe, kama nyuzi 45 hivi, usiufuate kwa ubavu. Halafu lalia upande ule unaogeukia. Ukiingia kisogoni pua itageuka kutazama juu ya mto, basi lalia upande wa juu ya mto. Ukitoka kwenda mkondoni pua itageuka kutazama chini, basi lalia upande wa chini ya mto. Ni kama mwendesha baiskeli anavyolala kwenye kona, huwezi kukata kona kwa kasi ukiwa umesimama wima. Na lenga juu, karibu na jiwe, maana mstari pale juu ni mwembamba na uko wazi, kule chini unatawanyika, unakuwa mpana, umejaa vimzunguko vidogo vidogo na ni vigumu kuuvuka. Ukichelewa kupiga kafi kidogo tu utajikuta umepitiliza kisogo chote.

Anayeogelea bila chombo naye anavuka kwa namna hiyo hiyo. Geuka tumbo, ogelea kwa nguvu zako zote kwa pembe kuelekea kisogo, na ukifika mstarini usipunguze hata kidogo, wengi wanapunguza pale wakidhani wameshafika na mstari unawarudisha nje, wengine hujiviringisha mwili mzima kuuvuka na inasaidia kweli. Kabla ya hapo, ukiwa bado kwenye mkondo wa kasi, lala chali, miguu mbele kuelekea chini ya mto, vidole juu ya maji, na usijaribu kusimama hata kama maji ni ya kiunoni. Mguu ukinasa katikati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi na hapo hata wanaume watatu hawakutoi kirahisi. Watu wanasahau maji yana uzito, mita moja ya ujazo ni kilo 1000, na kasi ikiongezeka mara mbili nguvu yake ya kukusukuma inaongezeka mara nne. Sio kitu cha kushindana nacho kwa misuli.

Tuje kwenye mnyonyo, hicho ndo watu wanakiota usiku. Minyonyo ya mtoni mingi inazaliwa pale pale mstarini, mikondo miwili ikisuguana maji katikati yanajisokota, kinatokea kishimo, kinashuka na mto huku kinakua, halafu kinakufa. Mingi inaishi sekunde chache tu. Kwenye mto mdogo haina shida, inakuvuta mkia wa kayaki ukapata wasiwasi kidogo basi. Kwenye mto mkubwa wenye maji mengi hadithi ni nyingine, mnyonyo unaweza kuzamisha mtu na jaketi lake la kujiokolea na kumrudisha juu mbali na alipozamia. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na ni kweli kabisa nimeona kwa macho, ila kutapatapa ndo kunakokumaliza pumzi. Ukihisi unavutwa, vuta pumzi ya kutosha wakati kichwa bado kipo juu, kunja mwili, linda kichwa, tulia, mwache mnyonyo amalize kazi yake na jaketi lifanye kazi yake. Utazihisi sekunde zile kuwa ndefu mno. Ukitoka juu, pumua kwanza halafu ogelea kuutoka mstari, usikae pale maana nyuma yake kuna mwingine unakuja.

Ukiwa bado ndani ya chombo, usiache kupiga kafi. Chombo chenye mwendo kinapita, kilichosimama kinavutwa. Inama mbele, uzito usiende nyuma, kwa sababu mnyonyo unapenda kudaka mkia. Na pale penye povu jeupe jingi ujue kafi halishiki vizuri, maana unapiga maji yaliyochanganyika na hewa, na hata wewe unaelea kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo chomeka kafi kwa kina zaidi uyafikie yale maji ya chini yenye uzito.

Mfoko nao unasumbua lakini sijawahi kuuona ukimzamisha mtu. Unakusukuma pembeni, basi unasukumwa, ila angalia unakusukumia wapi.

Kuna mzunguko mmoja ambao hapa sina mjadala nao kabisa: ule unaozunguka kwa kulala, unaotokea chini ya kizuizi kilichokatiza mto mzima, mfano ukuta mfupi wa bwawa. Maji yanadondoka, yanapiga chini, na yale ya juu yanarudi nyuma kuelekea ukutani. Kwa mbali panaonekana pametulia, ukuta wenyewe wa mita moja, sauti ya kupendeza, watoto wanataka kurukia. Kinachoingia pale kinarudishwa ukutani, kinazamishwa, kinatokea mbele kidogo, kinarudishwa tena. Jiwe la mtoni lina pembeni, ukisukumwa utatokea upande mmoja, lakini ukuta umeenda kutoka ukingo mpaka ukingo na umenyooka, hakuna pembeni. Waokoaji wenye mafunzo na vifaa wamekufa mahali kama hapo wakijaribu kumtoa mtu. Hapo usiogelee, usipite na chombo, tembea ukingoni ubebe chombo chako begani mpaka upite. Chini ya maporomoko ya asili pia kuna kurudishwa kwa namna hiyo, kwa hiyo mnaopenda kuogelea hadi chini ya maji yanayoanguka mpige picha, tupeni kwanza gogo dogo muone linafanya nini. Likirudishwa kwenye maporomoko na wewe utarudishwa.

Kitu kingine ambacho watu hawakitilii maanani ni kwamba mto unabadilika. Jiwe lile lile lililokupa kisogo kizuri wakati maji machache, mvua ikinyesha maji yanapanda yanapita juu yake, na sasa nyuma yake kuna shimo linalokurudisha, sio kisogo tena. Mistari inakuwa mikali, mpaka unaona kabisa ngazi, kisogo kiko chini au juu kuliko mkondo, na minyonyo inaanza kujipanga kando yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "pale mi napajua, nilipita mwaka jana", muulize maji yalikuwa kiasi gani. Chagua jiwe moja ukingoni liwe alama yako, kila ukija liangalie kwanza, leo limezama kiasi gani?

Kwa waogeleaji wa kawaida, wale wa kwenda mtoni kujimwagia tu, tatizo lenu kubwa lipo kwenye kona. Ukingo wa nje wa kona unachimbwa na mkondo, unakuwa na kina, na juu au chini yake mara nyingi kuna maji yanayozunguka polepole ambayo yanaonekana ya amani. Mtu anaingia, anaogelea kuelekea chini akidhani mto utamsaidia, anashangaa haendi, maana kando ya ukingo yale maji yanapanda. Anaongeza nguvu, anachoka, anaanza kuogopa. Ndugu yangu, usishindane nayo. Acha yakupeleke, yanazunguka, na katika kuzunguka kwake kuna sehemu moja yanapita karibu kabisa na ukingo, hapo ndo utoke. Nimemwona kijana mmoja akifanya hivyo baada ya kupigiwa kelele na mama aliyekuwa anafua nguo, mama wala hakuingia majini, alimwambia tu "tulia, utaletwa hapa", na kweli aliletwa, akamshika mkono.

Baharini kanuni ni ile ile ila kinachoyazungusha ni kujaa na kupwa. Maji mengi yanalazimishwa kupita mlango mwembamba, yanapiga miamba ya chini, yanajisokota. Saltstraumen kule Norway ni mlango wa bahari wenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 150 tu, na kila baada ya saa sita hivi maji kama mita za ujazo milioni 400 yanapita hapo yakienda au yakirudi. Minyonyo yake inafika upana wa mita 10. Kule Japani kwenye mlango wa Naruto inafika hata mita 20, na watu wanakwenda na boti kuitazama wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, ndo inapokuwa mikubwa. Sasa cha kushangaza kwa mtu mgeni ni kwamba sehemu hizo hizo, mkondo unapokaribia kugeuka, maji yanasimama. Kwa muda mfupi panatulia, boti zinapita kama hakuna kitu, halafu yanageuza upande na kuanza tena. Kwa hiyo baharini swali lako la kwanza sio pana hatari hapa, ni pana hatari saa ngapi.

Mwandishi George Orwell aliponea chupuchupu kwa jambo hili Agosti 1947, Scotland, karibu na mnyonyo wa Corryvreckan kati ya visiwa vya Jura na Scarba. Alikuwa kwenye boti ndogo na mwanawe mdogo pamoja na ndugu wengine, jedwali la saa za kujaa na kupwa walikuwa wamelisoma vibaya, wakafika pale wakati mbaya, mashine ya boti ikang'oka ikazama, wakapiga makasia mpaka kwenye kijisiwa cha mawe na boti ikapinduka wakati wa kushuka. Walikaa pale mpaka wavuvi wa kamba wakapita wakawachukua. Mtu mwenye akili zake, anayeishi jirani kabisa na hapo, na kilichomponza ni saa. Mi kila nikipanga safari ya baharini napiga hesabu ya maji mara mbili halafu nampa mwenzangu apige yake bila kuiona yangu, tukitofautiana hatuondoki mpaka tujue nani kakosea na wapi.

Na kwa sababu swali hili nalo huwa linakuja: hapana, maji ya sinki hayachagui upande wa kuzunguka kwa sababu ya kuwa kaskazini au kusini mwa ikweta. Mzunguko wa dunia upo na una nguvu kwenye vitu vikubwa, baharini kuna mizunguko yenye upana wa kilomita 100 na zaidi inayoishi miezi, hiyo ndo inatii dunia. Kwenye sinki linaloamua ni jinsi maji yalivyomwagwa na umbo la sinki lenyewe. Profesa Ascher Shapiro wa Marekani mwaka 1962 alifanikiwa kuionyesha nguvu ya dunia kwenye tanki, lakini ilibidi ayaache maji yatulie saa 24 kwanza na kuyatoa polepole mno. Nyuma ya jiwe lako mtoni usitafute ikweta, tafuta jiwe.

Mwisho niseme kuhusu kusaidia mtu maana hapa ndo tunapoteza wawili badala ya mmoja. Usimfuate mtu kwenye mnyonyo wala chini ya ukuta. Simama ukingoni, upande wa chini ya mto kutoka alipo, sehemu ambayo kuna kisogo kizuri, mwite jina akuangalie, rusha kamba impite kichwani ili imwangukie mabegani. Akishaishika alale chali, kamba ipite begani, wewe kaa chini au jikite vizuri, usimvute kwa pupa, mkondo wenyewe utambeba kwa kumzungusha mpaka ukingoni kisogoni. Na ile kamba usijifunge kiunoni wala kuizungusha mkononi hata kama unajiamini vipi, ishike kwa namna ambayo unaweza kuiachia. Zoezeni hili siku ya jua, maji mapole, mmoja anajifanya kazama, wengine wanarusha kwa zamu, mpaka yule anayerusha vibaya kuliko wote naye aweze kumfikia mtu.